Siku Mwalimu Alipoigeuza Sentensi Yangu

Majani ya maboga yakipondwa pamoja na unga mweusi wa betri zilizokwisha hutoa harufu kali ya ubichi na kutu. Ndiyo rangi nyeusi tuliyokuwa tukipaka ubao shuleni kwetu Mbulumbulu. Juzi nilipita nyuma ya shule moja hapa Karatu mjini, nikakuta watoto wanapaka ubao wao vilevile. Harufu ikanifikia barabarani, hasira ikanipanda. Nikasimama pale na mfuko wangu wa nyanya, mtu mzima nimenuna, watu wananishangaa.

Nilikuwa darasa la sita. Mama alikuwa amelala siku kadhaa, kifua kimembana, anakohoa mpaka machozi yanamtoka. Baba alikuwa ameshuka mjini kutafuta gari la kumpeleka hospitali, kwa hiyo asubuhi ile nilikamua ng'ombe mimi, nikakoroga uji, nikamwinua mama anywe. Ukungu wa kwetu ukishuka huoni hata ngano ya jirani. Nilikimbia ndani ya ukungu huo, miguu imejaa tope jekundu, nikafika kipindi cha Kiingereza kimeshaanza.

Mwalimu, ambaye simtaji jina kwa kuwa wanawe ni jirani zangu na tunaombana chumvi, alinisimamisha mlangoni.

"Umechelewa kwa nini?"

"Mama yangu anaumwa, mwalimu," nilimnong'oneza. Sikutaka wenzangu wasikie. Kwa kikohozi kile wangesema ni kifua kikuu, na nani angekubali kukaa na mimi?

Aliitikia kwa kichwa, tukaingia. Siku hiyo alikuwa akitufundisha kugeuza maneno ya mtu yawe taarifa: unaondoa alama za kunukuu, "my" inakuwa "her", na kitenzi unakirudisha kwenye wakati uliopita. Alihitaji mfano. Nilimwona akiutafuta, macho juu darini, halafu uso ukamchangamka. Akaandika kwa ule mwandiko wake mzuri:

"My mother is sick," said Paskalina.

Darasa zima likanigeukia. Elibariki, tuliyekaa naye, akasogea mpaka mwisho wa dawati. Mwalimu wala hakuona, alikuwa anaandika mstari wa pili:

Paskalina said that her mother was sick.

"Wote kwa pamoja!" akasema, na wote wakaimba.

Nilihisi masikio yanawaka moto. Siri yangu, niliyompa yeye peke yake, ilikuwa ubaoni. Na hiyo "was" ndiyo iliyonimaliza kabisa. Sisi "was" tulikuwa tumefundishwa kwa mambo yaliyokwisha. Babu yangu, aliyezikwa nyuma ya zizi, yeye ndiye alikuwa "was". Mama yangu alikuwa kitandani, anapumua kwa shida, ananisubiri nirudi. Nikasimama bila kuruhusiwa.

"Mwalimu, siyo 'was'. Bado anaumwa."

Wakacheka.

"Kanuni haimjui mama yako," alinijibu. "'Is' inakuwa 'was'. Njoo uandike."

Nilikwenda, nikaandika "is", nikaikandamiza chaki mpaka ikavunjika. Akaifuta. Nikaandika "is" tena. Akaniamuru nipige magoti mbele ya ubao, na nikabaki hapo mpaka kengele, huku wenzangu wakiimba nyuma yangu kwamba mama yangu "was".

Jioni ile baba alikuja na lori la vitunguu, mama akapelekwa hospitali. Alirudi amekonda, lakini kifua kimefunguka. Siku moja aliniletea shuleni maharage ya chakula cha mchana, akakutana na mwalimu uwanjani.

"Nasikia ulikuwa unaumwa, mama Paskalina."

"Nilikuwa, mwalimu. Sasa nashukuru Mungu."

Mwalimu akanigeukia akitabasamu. "Umemsikia mwenyewe? 'Was'!"

Mama naye akacheka, hajui kinachochekwa. Mimi sikucheka. Hata furaha ya kumwona mama amesimama, mwalimu aliichukua akaifanya mfano.

Sasa nafanya kazi mapokezi kwenye hoteli moja ya watalii hapa Karatu. Mwaka jana mama aliugua tena, na mwenzangu wa zamu akamweleza mgeni wetu mmoja, bibi mtu mzima kutoka Uingereza. Bibi yule akaja kaunta kuchukua ufunguo, akaniambia, "Your friend told me that your mother is ill."

"Is." Nilibaki nimeushika ufunguo. Nikamuuliza kama hakupaswa kusema "was". Akashangaa kidogo, akasema kwamba kama mama bado anaumwa, kuacha "is" si kosa hata kidogo. Nikafikiria yale magoti, na ile chaki.

Halafu akasema, "Pole sana," kwa Kiswahili alichofundishwa na dereva wake, akaniuliza mama anaendeleaje. Nikamjibu. Nilimjibu kirefu mno, foleni ikajaa nyuma yake, nikajikuta nalia mbele za wageni.

Hapo ndipo nilipomwelewa yule mtoto niliyekuwa, aliyepigishwa magoti mbele ya ubao. Mwalimu ndiye mtu wa kwanza niliyemwambia kwamba mama anaumwa. Hakusema pole. Si pale mlangoni, si baada ya kengele, si hata mama alipokuja na maharage. Nilipiga magoti kipindi kizima nikiingoja hiyo pole, na sikujua ninangoja nini.