Kiti cha Mbele, Njia ya Mchombe

Gari la mwanangu lilikuwa gari la vijana: la chini, lenye turbo iliyopiga mluzi kila alipokanyaga mafuta. Alipofariki, mjane wake alilirithi, akawa analiendesha kila siku kutoka Ifakara hadi Mchombe, ambako ni mkunga wa zahanati. Baadaye likaanza kutoa moshi wa buluu na kula oili. Majirani wakasema gari linamlilia mwenyewe. Wakasema pia kwamba likifa, mkwe wangu atarudi kwao. La kwanza nililipuuza, kwa kuwa chuma hakilii. La pili liliniumiza, maana sikuwa na kipimo cha kulipima, na kumwuliza mwenyewe niliona si adabu. Kwetu, baba mkwe na mkwewe huheshimiana kwa umbali. Hata aliponipeleka hospitali, nilikaa kiti cha nyuma.

Fundi wa mtaa wa Viwanja Sitini alinishauri tutafute injini iliyotumika kutoka Dar es Salaam. Kila mtu anajua, alisema, kwamba turbo huua injini. Nikamwuliza huyo kila mtu ni nani, na alipima nini.

“Mzee, wewe ungefaa kuwa hakimu,” akasema, akaenda kuleta kipimo.

Silinda mbili zilikuwa zimepoteza mgandamizo. Tulipofungua, tukaona kuta zake zimekwaruzika, na mpira unaopitisha hewa baada ya chujio umepasuka. Huko Mchombe, mkwe wangu huegesha gari jirani na mashine ya kukoboa mpunga. Vumbi la pumba lilikuwa likiingia bila kuchujwa, likisaga chuma kama msasa. Si turbo iliyoua, wala marehemu hakuwa na lawama.

Fundi bado alitaka kubadilisha injini. Mkwe wangu, aliyekuwa amesimama mlangoni na sare yake ya kazi, akasema taratibu, “Baba, naomba isukwe upya hii hii. Sauti yake ndiyo iliyokuwa ikinirudishia mume wangu jioni.”

Hapakuwa na mjadala tena. Silinda zikachongwa Morogoro, zikatiwa pistoni kubwa kidogo, ringi na beringi mpya. Muda wote huo mkwe wangu alikwenda kazini kwa bodaboda, akirudi na tope hadi magotini.

Injini ilipowaka, fundi alieleza kwamba izoezwe kwanza: isikimbizwe, isiendeshwe kwa mwendo mmoja, na awepo mtu wa kusikiliza kila mlio mgeni.

“Mwenye masikio ya mashaka ni wewe, Mzee,” akanitania. “Lakini huko nyuma utasikia bomba la moshi tu.”

Nilisimama kando ya mlango wa nyuma. Mkwe wangu akaufungua wa mbele kwa ndani.

“Panda, Baba. Mimi nitatazama barabara.”

Nikapanda. Ng'ombe walipokatiza barabara alipunguza mwendo, kisha akaongeza kidogo kidogo. Niliinamisha kichwa, nikasikiliza. Hakuna kilichogonga. Mbele, katikati ya mashamba ya mpunga, ule mluzi ukasikika, hafifu. Mikono yake ikabana usukani.

Tulipofika Mchombe, aliegesha mbali na mashine.

“Kesho uje tena, Baba. Na likishazoea, nitahitaji mtu wa kulikagua chujio.”

“Chujio halikaguliwi mara moja,” nilimwambia. “Ni kazi ya miaka.”

“Najua,” akasema, akashuka kwenda kazini.