Lori Zima kwa Kipande cha Ngozi

Miaka ile ya vijiji vya ujamaa nilikuwa utingo wa lori la idara moja ya visima, Tabora mjini. Shule niliiacha mapema, na kazi nyingi niliziacha mara tu nilipozielewa. Hii ya utingo nilidumu nayo kwa sababu haikukaa mahali pamoja.

Safari zetu nyingi zilikuwa za kijiji kimoja ng'ambo ya Goweko, kwa barabara ya mchanga iliyofuata njia ya zamani ya wapagazi. Pampu ya mkono ya kisima chao ilikuwa na kipande cha ngozi ndani, hakizidi kitumbua. Ngozi ikilika, maji hayapandi. Kijiji kinatuma mtu mjini, mjini wanasubiri kibali cha mafuta, na baada ya siku nyingi tunaondoka: dereva, mimi, fundi, msaidizi wake aliyekuwa kibarua tu ingawa kazi yote aliijua, mtunza stoo wa kuichunga ngozi, na karani wa kushuhudia kwamba imefungwa. Fundi alimaliza kazi kabla ugali haujaiva. Tulikula kuku wa watu, tukalala, tukarudi na posho zetu. Siku moja nilimuuliza karani kwa nini fundi asikae hukohuko. Akasema serikali inabana matumizi, haiongezi watumishi. Jibu hilo lilinikaa kichwani njia nzima.

Aliyetupikia alikuwa mama mmoja mjane, msimamizi wa vitalu vya tumbaku vya kijiji. Mwaka mmoja pampu ilikufa wakati miche ndiyo kwanza imeota. Ikikauka, kijiji kizima hakina cha kuuza msimu ule. Wanawake wakawa wanateka maji bondeni na kuyabeba vichwani, na bonde nalo lilikuwa linakauka. Safari hiyo wakatuma maombi mawili: ngozi, na fundi wa kukaa.

Mkubwa wa idara akawatumia habari kwamba anakuja mwenyewe kuwaeleza kwa nini fundi hapatikani. Alipanda lori letu, na karibu na kijiji lori likazama mchangani hadi ekseli. Wanawake waliokuwa wakitoka bondeni wakatua ndoo, wakafunga kamba, wakaanza kuvuta. Kule hakuna anayelima wala kuvuta kimyakimya. Mama yule akaanzisha, wenzake wakaitikia, kwa Kinyamwezi:

“Fundi kaja kufanya nini?”

“Kufunga ngozi.”

“Na mtunza stoo?”

“Kumwangalia fundi.”

“Na karani?”

“Kumwangalia mtunza stoo.”

“Na utingo?”

“Kuwaangalia kuku wetu.”

Mkubwa, aliyekuwa anasukuma nyuma pamoja nami, alicheka mpaka akakohoa. Kisha nikasikia, “Na mkubwa wao?” Wakaitikia, “Kutuambia mtu mmoja ni wengi mno.” Akaacha kucheka. Lori likatoka.

Akamwendea mama akijipangusa mchanga. “Shikamoo, mama.”

“Marahaba, mwanangu. Wimbo umeuelewa?”

“Mimi Msukuma, mama, lugha zetu ni ndugu. Hamkunificha kitu.” Akaanza kueleza kwamba kila mtumishi anayeongezwa ni mzigo kwa taifa.

Mama alimwacha amalize. “Lakini huyu fundi mmeshamwajiri,” akasema. “Mnamlipa akae njiani. Sisi tunaomba mumlipe akae hapa.”

“Atalala wapi?”

“Matofali tutafyatua wenyewe. Kwa kuku tutakaookoa, hata mke tutamtafutia.”

Watu wakaangua kicheko, na msaidizi wa fundi, ambaye hakuwa ameoa, akatazama chini. Mkubwa alizunguka lori lake taratibu, akitutazama sote mmoja mmoja. Kisha akamwambia msaidizi ashushe sanduku la vifaa, na mfuko wote wa ngozi.

Yule kijana alibaki, akaajiriwa kabisa, akapewa baiskeli ya kuvihudumia na vijiji jirani. Tangu hapo ngozi ikilika asubuhi, jioni watu wanateka maji. Miche ikasimama. Serikali iliongezeka mtu mmoja, na lori likakosa safari, karani akakosa cha kushuhudia, nami nikaambiwa sihitajiki tena. Nimeachishwa kazi mara nyingi, lakini hiyo ndiyo mara pekee niliyoondoka nikipiga mluzi.

Baadaye nilipita ofisi ambazo kila mtu mpya alileta tu mhuri mpya, kwa hiyo siwezi kuapa kwamba serikali kubwa ni serikali nafuu. Ninachoweza kuapa ni kile nilichokiona stesheni ya Igalula msimu ule. Nilikuwa nasubiri treni ya kwenda Kigoma, na pale kwenye jukwaa palirundikwa marobota ya tumbaku ya kijiji kile, yakinukia vizuri. Juu ya robota moja alikaa yule mama, kanga mpya begani.

“Utingo,” akaniita kwa sauti watu wote wasikie, “sasa unamwangalia nani?”

Nikamwambia namwangalia yeye. Akasogea, akanipisha nikae.