Fimbo za Marehemu Hazimkai Yadi

Saa mbili asubuhi, mzee mfupi mwenye kofia ya jua mkononi amesimama kwenye sakafu ya saruji, ndani ya karakana nyembamba iliyo nyuma ya duka la vifaa vya michezo. Mikono ameiachia ining'inie. Mbele yake, fundi wa fimbo za gofu, mwanamke wa makamo aliyevaa aproni yenye madoa ya gundi, amepiga goti na utepe wa kupimia.

"Simama kawaida, mzee wangu," anasema fundi.

"Nimesimama kawaida."

Fundi anapima tena kutoka kifundo cha mkono hadi sakafuni. Mkono wa kushoto unatoa kipimo kimoja, wa kulia kingine. Anainuka, anazunguka nyuma ya mzee na kumtazama mabega kama mtu anayekagua fremu ya mlango iliyopinda. Bega la kulia liko chini kuliko la kushoto kwa upana wa vidole viwili.

"Mfuko ulikuwa unauweka bega gani?" anauliza.

Mzee anavaa kofia yake humo humo ndani, kama anayetaka kuondoka.

Uwanjani wanamwita Yadi. Jina hilo alilipata zamani, kwa kuwa akitazama kutoka mpira ulipo hadi kwenye bendera alikuwa akikutajia umbali kwa yadi, na ni mara chache alikosea. Ana miaka 58, na 26 kati ya hiyo amekuwa kedi, yaani mbeba mfuko wa fimbo wa wachezaji wa gofu. Kucheza hakuwahi. Sheria ya klabu ilikuwa fupi kama kofi: kedi hapigi mpira. Mwenzake mmoja aliwahi kuonekana akipiga mpira mmoja tu jioni, na kesho yake hakuwa na kazi.

Sasa Yadi ni mwanafunzi anayeanza, uzeeni, na hakuanza kwa kupenda.

Mwaka jana klabu ilinunua vigari vya umeme vya kubeba wachezaji na mifuko yao. Katibu wa michezo aliwaambia wanachama, kwa utani ambao makedi waliusikia wakiwa nje ya dirisha, kwamba kigari hakina msiba wala mtoto wa shule. Makedi arobaini wakabaki tisa. Yadi, aliyekuwa akiingia uwanjani siku sita kwa wiki, sasa akipata mbili anashukuru. Kwa mzunguko mmoja hulipwa fedha ya kutosha unga na mafuta ya siku mbili. Hesabu iliyobaki msomaji anaweza kuifanya mwenyewe.

Ndipo ikatangazwa nafasi moja, msaidizi wa mwalimu wa wanaoanza, yenye mshahara wa mwezi na bima ya matibabu. Kedi yeyote aliruhusiwa kuiomba, kwa sharti moja: acheze mashimo tisa mbele ya katibu bila kuzidisha mapigo hamsini na manne. Akishindwa mara ya kwanza, atapewa nafasi ya pili. Hakuna ya tatu.

"Mwalimu lazima awe anaweza kucheza," katibu alimwambia mwandishi wa simulizi hii, akiwa ameegemea mojawapo ya vigari vyake. "Hatuwezi kuajiri huruma."

Wale wanane wengine waliitazama hesabu hiyo wakacheka. Yadi hakucheka, kwa sababu yeye alikuwa na fimbo.

Fimbo zenyewe zilikuwa za Mhandisi. Huyu alikuwa mwanachama mrefu, mpole, asiyependa kelele, na mfuko wake Yadi aliubeba tangu siku zake za kwanza uwanjani hadi Mhandisi alipougua. Baada ya mazishi, mjane alimwita Yadi nyumbani, akamwonyesha seti ya fimbo za chuma zikiwa zimefungwa kwenye shuka, na kumwambia kwamba marehemu aliagiza apewe yeye. Makedi wenzake waliposikia walimtania kwamba kufa kufaana. Mke wake, ambaye ni fundi cherehani na ana ulimi wa fundi cherehani, aliziangalia mara moja zikiwa zimeegemezwa ukutani, zikimfika mumewe karibu na kifua, akasema nguo ya kuazima haisitiri matako. Yadi alimjibu kwamba hazikuazimwa, ni urithi.

Alizifuta kila Jumapili kwa kitambaa chenye maji, kama alivyofanya zilipokuwa na mwenyewe.

Siku ya mtihani wa kwanza alifika mapema kuliko katibu. Mashimo matatu ya mwanzo yalimtesa, lakini bado alikuwa na tumaini. La nne liko ng'ambo ya bwawa, yadi mia moja na hamsini. Kila mwanachama analiogopa. Yadi hakuliogopa, kwa kuwa hapo Mhandisi alikuwa akitumia fimbo namba saba, na mpira ulikuwa ukivuka maji na kutua karibu na bendera. Ilifika mahali Yadi aliichomoa saba kabla Mhandisi hajanyoosha mkono kuiomba.

Akaichomoa saba, akapiga, na mpira ukaingia majini. Akapiga mwingine kwa saba ileile, ukafuata njia ya mwenzake. Makedi waliokuwa wakitazama kutoka kwenye ua wa michongoma walimpigia kelele abadilishe fimbo. Alipiga wa tatu, kwa saba, nao ukazama.

"Sikuwa mkaidi," anasema sasa. "Pale ni saba. Miaka yote pale ni saba. Kichwa changu hakikuwa na namba nyingine."

Alimaliza na mapigo sitini na nane. Katibu alikunja karatasi yake na kusema samaki hukunjwa angali mbichi. Hakuna aliyemwambia katibu kwamba hata huyo samaki alikatazwa maji alipokuwa mbichi.

Ndiyo maana leo yuko karakanani, wiki tatu kabla ya mtihani wa pili, na bega lake limekuwa maonyesho.

Fundi anabandika utepe mweusi chini ya unyayo wa saba ya Mhandisi, anaweka kibao cha plastiki sakafuni, na kumwomba Yadi apige mipira kadhaa kwenye wavu. Kisha anaigeuza fimbo. Alama ya mkwaruzo imekaa upande wa kisigino, karibu na mpini. Anaeleza kwa sauti ya chini kwamba fimbo imetengenezewa mtu mrefu, kwa hiyo mikononi mwa mtu mfupi ncha inainuka, kisigino kinachimba udongo, na mpira unakwenda kushoto hata mpigaji akilenga vizuri. Mpini nao ni wa chuma kigumu, wa mtu mwenye mapigo ya kasi.

"Hii inasubiri nguvu ambazo hukuwahi kuwa nazo," anasema. "Si kosa lako."

Yadi anauliza kama mpini unaweza kukatwa. Inaonekana swali hilo limemgharimu, maana kwake kukata fimbo za marehemu ni kama kukata kanzu ya maiti. Fundi anatikisa kichwa. Mpini ukikatwa unazidi kuwa mgumu, na kichwa kitabaki kilekile chembamba kisichosamehe anayeanza. Mzee anayeanza, anasema, anahitaji mipini myepesi inayolegea kidogo, vichwa vyenye unyayo mpana vinavyoteleza juu ya majani, vishikio vinene kwa ajili ya vidole vinavyouma asubuhi. Namba tatu, nne na tano aziache kabisa, atumie fimbo mseto, zile zenye kichwa kinene ambazo huinua mpira bila kulazimishwa. Wengi wa umri wake, anasema, hununua fimbo za mtu wanayemhusudu, halafu wanarudi kwake na viwiko vimevimba.

Kisha anasema jambo ambalo hakulikusudia vibaya.

"Namkumbuka Mhandisi alipokuja kupimwa hizi. Wewe ulisimama pale mlangoni."

"Nilishika ncha ya utepe," anasema Yadi. "Uliniambia niikanyage isiteleze."

Katika chumba hikihiki, kwa utepe huuhuu, mtu mmoja alipimwa hadi unene wa vidole, na mwingine alitumika kama msumari wa kuzuia utepe. Hakuna aliyekuwa na roho mbaya siku hiyo. Ilikuwa siku ya kawaida tu, na hilo ndilo linalochoma.

Yadi anakaa kwenye kigoda na kuvua kofia. Anaposema, hasemi na fundi wala na mwandishi. Anasema na ile fimbo.

"Kila mtu uwanja ule anajua fimbo yake kwa sababu nilimwambia mimi. Huyu hapa sita, yule nane, yule usijaribu, zunguka. Mimi wa kuniambia hakuwepo."

Mwandishi anamuuliza kama ana hasira na Mhandisi. Mhandisi alikuwa mtu mwema, anasema. Alimlipia Yadi karo ya binti mwaka mmoja mgumu. Alimsalimia kwa kumshika mkono mbele ya wanachama wasiopenda kuona hivyo.

"Lakini kuna siku mvua ilifukuza watu wote, tukabaki sisi wawili kwenye shimo la nne. Hakuna jicho. Hakusema, 'Yadi, hebu piga moja.' Siku zote hizo, hakuwahi kusema."

"Ungekubali?" anauliza mwandishi.

"Ningekataa. Lakini angesema."

Wahenga walisema mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Mfuko wa Mhandisi, ukiwa na fimbo, mipira, mwavuli na chupa za maji, haukuwa wa usufi hata kidogo, na bega la Yadi limeshuhudia.

Hana fedha ya fimbo mpya. Fundi, baada ya kuzungukazunguka karakana akihamisha vitu visivyohitaji kuhamishwa, anampa shauri: aache seti ya Mhandisi, naye atamfungia seti iliyotumika, yenye mipini myepesi, akiipima kwa mwili wake yeye, bega lile lile lililoshuka likiwemo. Yaani urithi wote wa miaka ishirini na sita ubadilishwe na vyuma vya mitumba. Yadi anaomba kitambaa chenye maji. Anazifuta fimbo za Mhandisi kwa mpangilio, kuanzia namba tatu hadi ile ya kutolea mpira mchangani, anazirudisha kwenye shuka, na kulikunja lile shuka upya kwa sababu mkunjo wa kwanza haukumridhisha. Fundi anamwacha amalize.

Fimbo zake mwenyewe alizipata baada ya siku chache. Ni fupi, na vichwa vyake ni vinene kiasi kwamba makedi walipoziona walimuuliza kama amekuja uwanjani na pasi za nguo. Mwanachama mmoja aliyemfahamu siku zote alimwambia kwa uchangamfu kwamba hizo ni fimbo za bibi yake. Yadi alicheka nao. Baadaye alimwambia mwandishi kwamba kicheko kile kilimuuma kuliko mipira mitatu ya bwawani.

Lakini mpira unaruka. Saba yake inafika yadi mia na kumi, haizidi, hata akikasirika. Kila asubuhi kabla ya klabu kufunguliwa, kwa ruhusa ya mlinzi wa lango ambaye ni rafiki yake, anasimama mahali anapopajua kama kiganja chake na kujifunza upya. Pale palipokuwa na saba sasa pana mseto. Pale palipokuwa na tisa pana sita. Mara nyingine mkono unachomoa namba aliyoitumia Mhandisi kabla yeye hajauzuia, na analazimika kuirudisha mfukoni na kuanza tena.

Nyumbani kwake ni vyumba viwili, na kimoja ni cha cherehani. Mtihani ni Jumamosi. Safari hii katibu ametaka anayecheza avae shati lenye kola, vazi ambalo kedi hakuwahi kulihitaji kwa kuwa yeye huvaa ovaroli ya klabu, na mkewe amekwishatandaza kitambaa cheupe mezani.

Yadi anasema mpango wake hauna maneno mengi. Akiipata kazi, mtu yeyote atakayeletwa kwake, mtoto au mzee mwenzake, atampima kwanza kabla ya kumkabidhi fimbo. Na akishindwa?

"Nikishindwa, nitakuwa nimeshindwa kwa fimbo zangu," anasema, kisha anatazama pembeni, kama ambaye jibu lake halikumridhisha hata yeye. "Halafu sijui. Wewe unajua mahali wanapoajiri mtu wa miaka hamsini na minane?"

Mama watoto, kama Yadi anavyomwita, anachora kitambaa kwa chaki. Mumewe alipomsimulia habari ya bega, anasema, hakushangaa. Tangu wapate mtoto wa pili amekuwa akilaza bega la kulia la kila shati analomshonea na kulikata pindo la upande huo fupi kidogo, ili likivaliwa lionekane limenyooka. Hakuwahi kumwambia.

"Ningemwambia ili iweje?" anauliza. "Angeacha kubeba? Tungekula nini?"

Yadi amesimama mlangoni, anasikia. Mkewe anainua mkasi, anaushusha tena mezani bila kukata, na kumgeukia.

"Baba watoto, safari hii unajua. Nikate lionekane limenyooka kama siku zote, au nikate ulivyo?"

Yadi anaangalia bega lake la kulia, kisha la kushoto.

"Kata nilivyo," anasema. "Na pindo usilisawazishe. Wakione walichonifanya."