Nilivyowazika Wanawake wa Kibingo

Mimi ni mtu wa Pangani, muuza kaniki, na Kinyambo changu, lugha ya huku Kibingo ninakouza, ni cha kuombea maji tu. Kwa hiyo wazee wa Kibingo waliponiambia wanasimamisha jiwe la kuwakumbuka wanawake waliofungua pori baada ya sotoka kumaliza ng'ombe, nilielewa nusu. Kwetu sisi hawekewi jiwe aliye hai. Wakaniomba niseme maneno machache, nami nikakubali kwa mbwembwe.

Siku hiyo nilivaa kanzu safi, nikaketi karibu na bibi mmoja aliyenipisha kwenye mkeka wake. Zamu yangu ilipofika niliwasifu wanawake wale waliopanda migomba na mibuni wakati waume zao walikuwa wamekata tamaa. Maneno yaliniingia mwenyewe. Nikamwomba Mungu awalaze pema, nikawapa pole yatima wao, mpaka machozi yakanitoka. Uwanja mzima ukanyamaza. Nikadhani ni majonzi.

Nilipoketi, yule bibi alinigeukia.

"Umetusifu vizuri, baba," akasema polepole kwa Kiswahili. "Lakini mbona umetuzika?"

Nilimwinamia. "Shikamoo, bibi," nikasema.

"Marahaba."

Akainuka, mgongo umenyooka, na wenzake wakainuka huku na huku katika umati, wengine wakiwa na wajukuu mgongoni. Vigelegele vikalipuka. Aibu ilinichoma masikio, lakini nilisimama nami, nikawapigia makofi kwa nguvu kuliko mtu yeyote pale.