Korosho Zilizojikunja

Moshi wa maganda ya korosho hauna adabu. Unaingia puani bila hodi, unawasha macho, unakaa kwenye nywele mpaka uzioshe, na hata ukifunga madirisha yote unajua tu kwamba jirani anakaanga. Hapa Ruangwa ninapofanya kazi, msimu ukifika, kina mama wa mtaani hutoboatoboa debe kuukuu, wakaliweka juu ya mafiga, wakamwaga korosho ndani na kuzigeuza kwa mti mrefu mpaka maganda yashike moto. Wenzangu kazini hulalamika kwamba wanaumwa kichwa. Mimi hutoka nje, nikasimama kule kule unakoelekea moshi, nikalia vizuri, na kila mtu akadhani ni moshi. Ninyi naomba niwaambie, maana wao sijawahi kuwaambia. Ninamlilia bibi yangu.

Bibi mzaa mama aliishi Mkotokuyana, upande wa Nachingwea. Nililelewa naye tangu nikiwa wa kubebwa mgongoni, kwa sababu baba yangu alikuwa mtumishi wa serikali, mtu wa kuhamishwahamishwa, na mama alikuwa akimfuata kila alikopelekwa. Bibi aliniita mke mwenzake. Babu alikuwa amefariki kabla sijazaliwa, lakini kila asubuhi Bibi alinigombeza mbele za watu kwamba usiku nimemficha mume wake, na nimrudishe kabla hajaenda kunishtaki kwa katekista. Watu wakacheka, nami nikajibu kwamba mume mwenyewe kaniambia hamtaki tena, kazeeka. Akanikimbiza na mwiko. Hayo ndiyo yalikuwa maamkizi yetu.

Nyuma ya jiko lake palikuwa na mkorosho wangu. Aliupanda wiki niliyozaliwa, kwenye shimo la taka, na kwa sababu ya ile taka ukakua haraka kuliko mimi. Kwetu mtoto ni wa upande wa mama, ndivyo alivyonieleza, kwa hiyo hata baba yako akuzungushe wapi, mti wako uko hapa. Mabibo yake nilikula mpaka nguo zangu zote zikawa na madoa ambayo sabuni haikuyaweza. Usiku tulilala kitanda kimoja. Nilikuwa na tabia ya kujikunja, magoti yakafika kidevuni, na Bibi alilalamika kwamba magoti yangu yamemchimbia shimo ubavuni. Hata hivyo hakunisogeza hata siku moja.

Kisha baba akapelekwa kufanya kazi ubalozini, New Delhi, India. Safari hii akasema familia iende pamoja. Nilishika nguzo ya jiko la Bibi nikakataa kuiachia, na mama akaanza kunibembeleza kwa maneno ya ndege na pipi. Bibi akaja, akaninong'oneza sikioni.

"We, mke mwenzangu, unalia nini? Huko Hindi ndiko zinakokwenda kolosho zetu zote. Za mkolosho wako nazipeleka ghalani, zitapanda meli, zitakufuata huko huko."

"Nitazijuaje?"

"Zimejikunja kama unavyolala. Ukiziona, niwekee. Ukirudi tutaziangalia wote, nikwambie kama ndizo."

Nikaiachia nguzo.

Sitasema maisha ya Delhi yalikuwa mabaya. Tulikaa ghorofani, kwenye nyumba yenye vigae vinavyong'aa, na mama alichukua muda mrefu kuzoea kutembea humo bila kuvua ndala mlangoni. Wakati wa baridi ukungu ulishuka mpaka usione jengo la pili, na baba alitoka asubuhi na suti yake kama mtu anayeingia kwenye maziwa. Shuleni nilikuwa kimya. Nilijua Kiswahili, nilijua Kimwera cha kugombana na Bibi, na vyote viwili havikunisaidia kitu. Nyumbani tulikula ugali Jumapili, unga wenyewe ukiletwa na mtu yeyote wa ofisini aliyetoka likizo, nao ulipimwa kwa heshima. Hapo ndipo nilipoanza kuelewa kuwa tuko mbali.

Lakini korosho zilikuwepo. Zilikuwepo kila duka! Kwenye pakiti, kwenye magunia, juu ya vitumbua vyao vya maziwa, ndani ya wali. Kila mama aliponunua pakiti niliimwaga mezani, nikazichambua moja moja, na zile zilizojikunja sana, ncha mbili zikikaribia kugusana, nilizitia kwenye kopo la maziwa ya unga na kulificha chini ya kitanda. Baba aliniita mkaguzi wa korosho. Akirudi kazini aliuliza kama mzigo wa Nachingwea umeshaingia bandarini.

Jumapili tulipiga simu. Mama mdogo Skola, mdogo wake mama, ndiye aliyekuwa na simu kule, na ili mtandao ushike ilibidi wapande kwenye kichuguu kilicho kando ya shamba. Nilikuwa nikimsikia Bibi akihema kabla hajasema.

"Haloo! Mke mwenzangu! Umeziona?"

"Nimepata chache, Bibi."

"Weka. Usizile, mlafi wewe. Mume wetu hajambo?"

Mama hucheka mpaka leo akikumbuka nilivyokuwa nikijibu kwamba mume wetu amenenepa.

Asubuhi moja, siku ya shule, nilikuwa navaa viatu simu ya mama ilipolia. Aliipokea, akasikiliza. Akaingia bafuni, akafungua bomba, na maji yakamwagika muda mrefu sana, naye ndiye aliyekuwa akinigombeza kila siku nisichezee maji. Baba alitoka chumbani tai ikiwa haijafungwa. Akanishika bega, akaniambia nishuke chini nisije nikaachwa na basi.

Niliporudi mchana nyumba ilikuwa si ile. Makochi yalikuwa yamesukumwa ukutani, vikombe vimejaa kwenye karo, na godoro langu lilikuwa limerudishwa kitandani, shuka limegeuzwa nje ndani. Mama alisema walikuwa wanafanya usafi. Macho yake yalikuwa mekundu, akasema ni vitunguu. Ikawa hivyo wiki nzima. Wake wa wenzake baba waliokuwa wakitoka mlangoni wakati mimi naingia walinikumbatia mmoja mmoja, wakanishika kichwa, wakanipa biskuti. Jikoni kulikuwa na pilau la huyu, maandazi ya yule. Nikala nikashiba. Nilidhani tuna sherehe ambayo watoto hawaambiwi.

Jumapili ilipofika nikaomba simu. Baba akasema Bibi anaumwa koo, daktari kamkataza kuongea. Jumapili iliyofuata koo lilikuwa bado. Kisha mama akasema Bibi huwa anapiga asubuhi nikiwa shule, kwa sababu kwenye kichuguu jioni siku hizi kuna nyuki.

Basi nikawa namtuma mama. Nilichagua korosho zangu, nikamwonyesha, nikamwambia amuulize Bibi kama zinafanana. Nikirudi shule nilikuwa sijavua hata begi.

"Bibi anasemaje?"

Mama alikuwa akiacha anachofanya. Akakaa. Akafuta mikono kwenye kanga, taratibu.

"Anasema hizo ni za Mtwara. Za kwako hazijafika."

Siku nyingine: "Anasema umlete huyo mume, amechoka kumsubiri." Au: "Anasema kama umeanza kulala umejinyoosha, mti nao utanyooka." Nilicheka sana. Nikakimbilia chumbani kulala nimejikunja, ili nisiharibu mti.

Likizo ya serikali ilipofika zamu yetu, nililibeba kopo langu mkononi kutoka Delhi mpaka Dar es Salaam, nikakataa lisiwekwe kwenye sanduku. Kutoka Dar tulipewa lifti na rafiki wa baba. Tulipofika Nanganga tukaiacha lami, vumbi jekundu likaanza kuingia, na mimi nikaimba. Mama hakuimba. Tulisimama Ruangwa kununua maji. Alipanda tena akiwa amejifunga kanga kiunoni na nyingine kichwani, nikashangaa, kwa sababu jua lilikuwa kali na gari lina joto. Nikamuuliza kama anasikia baridi. Baba akaniambia ninywe maji.

Kabla ya kufika kwa Bibi kuna kona yenye mianzi. Rafiki wa baba alisimamisha gari hapo bila kuambiwa na mtu. Mama akashuka. Akatembea hatua chache, polepole, mikono kichwani, kisha akapaza sauti ambayo sikuwahi kuisikia ikitoka kwake.

"Mama! Mama weee! Nimekuja! Nimefika, mama yangu!"

Nilidhani anamwita atoke atupokee. Kwa nini nidhani vingine? Nami nilikuwa na la kumwita. Nikaruka kutoka kwenye gari na kopo langu, nikampita mama mbio, nikipiga kelele, "Bibi! Bibi, nimezileta!" Wanawake walikuwa wanatoka kwenye nyumba zote, kanga viunoni, wakija upande wetu na sauti zao juu. Niliwapungia mkono. Nilikuwa nacheka, jamani. Nilicheka njia nzima mpaka mlangoni.

Ndani hapakuwa na kitu. Kitanda chetu kilikuwa kimesimamishwa ukutani, kamba zake zimelegea. Nikatoka nikaenda jikoni. Mafiga yalikuwa ya baridi, na kuku alikuwa ametaga katikati yake. Hapo ndipo mama mdogo Skola aliponikuta, akapiga magoti, akanikumbatia na kopo langu katikati yetu likinichoma kifuani.

"Bibi yuko wapi?"

Akageuka kumtazama baba aliyekuwa anakuja nyuma yake. "Shemeji, mtoto hamkumwambia?"

Baba akavua kofia. Ndilo jibu nililopewa.

Nje walikuwa wamemkalisha mama chini, kwenye mkeka, wanawake wamemzunguka, wanalia pamoja naye kana kwamba Bibi amekufa asubuhi ile. Kumbe alikuwa amezikwa siku nyingi, kesho yake tu baada ya ile simu. Mama asingewahi hata angepata ruhusa na tiketi siku hiyo hiyo. Kaburi lake lilikuwa hatua chache kutoka kwenye mkorosho wangu, na majani yangu yalikuwa yamelifunika lote.

Nilimchukia mama. Likizo yote sikumsemesha ila kwa lazima. Nilihesabu mabao yote aliyonifunga: koo, nyuki, Mtwara. Nilimwona mwongo aliyenichezea. Niliporudi Delhi kopo lilibaki kule, na korosho nikaacha kula. Nilikuwa msichana mkubwa nilipopata ujasiri wa kumuuliza kwa nini, tukiwa wawili tunamenya muhogo. Hakujitetea sana.

"Ningekwambia, ungelia na nani?" akasema. "Kule hakuna watu wa kulia na mtoto. Mimi mwenyewe walikuja wale kina mama, Mungu awabariki, tukatandika godoro lako chini, lakini tunalia kwa kunong'ona, majirani wasije wakaita polisi. Ukikaribia kurudi, tunakunja. Nikasema huyu nimtunzie kilio chake, akalilie kwao."

Niliuweka chini muhogo wangu. Ndipo nikaona kitu ambacho yule mtoto mwenye kopo hakuweza kukiona. Wale wanawake wa Mkotokuyana walikuwa na mazao yao, wagonjwa wao, na misiba mingine tangu ule. Lakini walikuwa wamemwekea mama yangu msiba wake, kama unavyomwekea chakula mtu aliyechelewa shambani, ukakifunika, ukajua atakuja na njaa. Naye alikuja. Siku zote zile za Delhi, aliyefuta mikono kwenye kanga na kukaa chini kutafuta la kuchekesha alikuwa mtoto aliyefiwa na mama yake. Kila niliporudi shule nilimtaka amfufue, na kila siku alimfufua.

Mama sasa ni mjane, anaishi Mkotokuyana kwenye kiwanja kile kile. Baba alistaafu, akafa, akazikwa na watu wengi. Mkorosho wangu umezeeka lakini bado unazaa, na kila msimu mama hukaanga mwenyewe, akachambua, akanitumia mfuko Ruangwa kwa mtu yeyote anayepita. Huwa naupokea, nasema asante, basi.

Juzi mfuko ulifika wakati moshi umetanda mtaa mzima. Niliufungua pale pale nje. Zilikuwa zimejikunja zote, ncha kwa ncha, alikuwa amechagua. Nikampigia simu. Alipanda kichuguuni, nikamsikia akihema kabla hajasema, kama nilivyokuwa nikimsikia mwingine.

"Umezipata, mwanangu?"

"Nimezipata," nikasema, na nikamuuliza lile ambalo sikuwahi kumuuliza tena tangu tulipofika kwenye ile kona ya mianzi. "Bibi anasemaje?"

Nikasikia upepo wa kule, na kuku, na mtu akipita anamsalimia. Nikajua anafuta mikono kwenye kanga.

"Anasema ndizo," akanijibu mama. "Anasema, mke mwenzangu, hizo ndizo."