Wacha ya Botini

Mume wangu anauza viyoyozi. Ana ghala zima la viyoyozi kule Al Quoz, hapa Dubai, na ni kazi inayomfaa, kwa sababu tangu nimjue hajawahi kukaa penye joto dakika tano bila kulalamika. Mtu huyo ndiye aliyerudi kazini siku moja, akavuta kiti mezani, akatutangazia kwamba amenunua boti ya tanga isiyo na kiyoyozi, na kwamba tutahamia humo.

"Wachaa!" akasema mama mkwe.

Nieleze hapa hapa, maana neno hilo ndilo lililotuponza. Kwetu Unguja wacha ina kazi nyingi. Mama mkwe akiivuta ile a ya mwisho, maana yake ni usiniambie, hebu endelea. Mimi nikimwambia binti yangu wacha, maana yake ni koma, usifanye hivyo. Na ukimwambia wacha mtu aliyeshika kitu, anakiachia. Hatukuwahi kugombana kwa neno hilo. Mtu anatazamwa usoni, inasikilizwa sauti yake, inajulikana anataka ipi.

Tulikuwa wanne katika fleti yetu ya Al Jaddaf: mimi, mume wangu, binti yetu wa miaka kumi na miwili, na mama mkwe. Chumba cha mama mkwe kilikuwa bora kuliko vyote. Dirishani kwake unaziona karakana za majahazi kando ya khori, ule mkono wa bahari unaoingia mjini, na asubuhi unasikia nyundo za mafundi. Yeye naye alikuwa na kelele zake. Kila alfajiri, akishasali, huikalia mbuzi yake akakuna nazi mpaka jirani wa chini anagonga dari. Jirani huyo alinisimamisha kwenye lifti, akaniuliza kwa adabu kama bibi hawezi kununua tui la kopo. Nikamfikishia ujumbe. Kesho yake mama mkwe akakuna nazi mbili.

Nadhani zile karakana ndizo zilizomharibu mume wangu. Alikuwa akisimama kwenye dirisha la mama yake na kikombe cha chai, akiwatazama mafundi wakipigilia mbao, kisha anasema, "Sisi bahari imo damuni." Damu hiyo mimi naijua. Ndiyo iliyotapika kwenye boti ya kwenda Dar wakati bado tumefungwa gatini.

Mkataba wa fleti ulikuwa unaisha mwezi ule. Mpango wa bwana ulikuwa hivi: likizo ya shule tupande boti siku kumi, twende mpaka Ras al-Khaimah na kurudi. Tukizoea, fleti tunairudisha, tunaishi baharini. Akitokea hata mmoja wa kukataa, mkataba unaandikwa upya na boti inabaki ya siku za mapumziko. Nikamwambia mimi nakataa sasa hivi, tusisumbuane. Akasema asiyeonja hana ruhusa ya kukataa, na jibu halipokelewi kabla ya siku ya kumi. Na mama? Tukihamia botini, mama atakwenda Sharjah kwa mwanawe mdogo, akalale chumba kimoja na wajukuu watatu na mashine ya kufulia.

Mama mkwe hakutaka hata kuja kuiona hiyo boti. "Mie mji huu nilikuja kwa ndege," alisema. Lakini siku ya safari alinishika mkono mlangoni, akanipa mfuko wa vileja, akaniambia polepole mwanawe asisikie, "Nenda, mwanangu. Ukaniangalilie chumba changu."

Miaka kumi na minne nimeolewa, na tangu siku ya kwanza hajaniita kwa jina jingine ila mwanangu. Mama yangu mzazi alifariki nikiwa mdogo, kwa hiyo neno lile kwangu halikuwa la heshima tu. Nikamwambia asiwe na wasiwasi. Nilipanda boti ile kwa kazi moja, nayo ni kukataa.

Boti yenyewe ilikuwa imefungwa kwenye bandari ndogo ya upande wa baharini, kwa sababu mlingoti wake haupiti chini ya madaraja. Yaani boti iliyonunuliwa kwa mapenzi ya khori haiwezi kufika Al Jaddaf tukaiona hata kwa dirisha. Nilipomkumbusha hilo, alisema alikuwa analijua tangu mwanzo. Hakulijua.

Ndani ilikuwa na upana wa korido yetu, jiko likiwa mwanzo wa korido na choo mwisho. Choo chake ukishamaliza haja unakipampu kwa mkono, mara ishirini, na boti nzima inakuhesabia. Mume wangu alikuwa anapampu kumi, anatoka kifua mbele, na anayeingia baada yake ndiye anayemalizia. Friji tuliizima siku ya pili ili umeme utoshe kuchaji simu ya nahodha, maana nahodha alikuwa na kazi kubwa ya kupeleka picha kwenye kundi la ukoo. Mkono mmoja kwenye usukani, miwani ya jua, macho mbali. Mjomba wake wa Maskati anajibu mashallah, kapteni. Picha ile ilipigwa kabla hatujafungua kamba.

Wahenga wamesema manahodha wengi, chombo huenda mrama. Sisi alikuwa mmoja, na mrama tulikwenda.

Siku ya pili hiyo hiyo tulitia nanga, akaamua atusalishe adhuhuri sitahani. Alitafuta kibla kwenye simu, akatupanga vizuri, akapiga takbira. Sasa boti iliyotia nanga haikai pahali pamoja, inazunguka na upepo. Tulianza tukielekea Makka. Rakaa ya tatu tulikuwa tunaitazama Iran. Binti yangu akashikwa na kicheko, mimi nikajikaza, na yule imamu wetu alipotoa salamu akageuka kulia akajikuta ana kwa ana na jua lililokuwa kushoto kwake alipoanza. Tukarudia chini, kila mtu kwenye kijipande chake.

Siku ya nne upepo ulikufa kabisa. Tanga lililala, joto likatushukia, na mwenye ghala la viyoyozi akakaa kwenye ngazi na taulo mbichi kichwani, akitueleza kwamba jasho linatoa sumu mwilini. Nikamuuliza kwa nini basi hawaambii hivyo wateja wake. Akaenda kulichovya taulo tena.

Lakini nisiseme uongo. Siku ya tano, tukiwa karibu na Umm al-Quwain, pomboo watatu walikuja ubavuni, wakaogelea nasi muda mrefu, na binti yangu ambaye hajaniangalia vizuri tangu aanze kuwa na simu alinishika kiuno na kuniegemeza kichwa. Nikacheka, furaha ilinijaa. Kisha nikageuka, nikamwona mume wangu ananitazama mimi na si pomboo, anatabasamu kama mtu aliyekwisha kushinda kesi. Nikaunyosha uso haraka.

Kesho yake ndipo tulipoingia bandari ya Ras al-Khaimah. Mimi nilikuwa mbele, nimeishika kamba niliyomtupia mlinzi wa bandari, kijana wa Kiganda mwenye sare iliyopigwa pasi, ambaye alikwisha kuifunga upande wake. Kazi yangu ilikuwa kuikaza tu. Mume wangu yuko kwenye usukani nyuma. Binti yetu, kwa kutaka kusaidia, akanyoosha mguu nje ili aisukume boti ya jirani.

"Wacha!" baba yake akapiga ukelele.

Nikawacha. Nilikuwa nimeshika kamba, nimeambiwa wacha, nikaiachia. Boti yetu ikajigeuza taratibu, ikaenda kukwaruza ubavu wa boti nyeupe ya jirani, ndefu kuliko jengo letu. Mlinzi aliinama akautazama mkwaruzo, wenye urefu wa kidole. "Pole, madam," akasema. "Hii boti iko ya arbab mkubwa sana." Akapiga simu, akasikiliza, akatuambia khalas, yaani basi, yamekwisha, arbab, tajiri mwenyewe, hajali. Mume wangu ndiye aliyejali.

"Nilikuwa namwambia mtoto!"

"Ningejuaje? Mimi ndiye niliyeshika kamba."

"Ungesikia sauti."

"Sauti ilikuwa ya mtu anayezama."

Jioni ile ikatoka sheria. Aliikata karatasi ya daftari, akaandika kwa kalamu nene, akaibandika juu ya jiko: WACHA NI KUACHIA. Kuanzia leo, alisema, ndani ya chombo hiki neno hilo lina maana moja, na anayetaka kumkataza mwenzake aseme simama. Alitutahini mezani. "Nikisema wacha?" Tukajibu wote, kuachia. "Nikimwambia mama awache sufuria?" Binti yangu akasema, mama aache kupika, twende hotelini. Akanyimwa kileja.

Mimi niliicheka ile karatasi. Niliipiga picha nikampelekea mama mkwe, akanijibu kwa ujumbe wa sauti, "Wachaa! Kumbe mwanangu anatunga kamusi." Akaniuliza chumba chake kinaendeleaje. Nikamwambia kipo, nimebakiza siku nne tu niseme neno langu.

Siku ya kumi tulikuwa tunarudi. Majengo ya Dubai yamekwisha kutokeza, upepo ni mzuri, boti imelala upande. Nilikuwa chini jikoni, mikono miwili kwenye sufuria ya wali, goti kwenye mlango wa kabati, nimejipanga kichwani maneno ya kumwambia tukifika. Nilikuwa nayo mengi, na yamepangika. Mara nikamsikia anaita kutoka juu.

"Mtu wa ofisi ya nyumba yuko kwenye simu, anataka jibu leo. Nimwambie fleti waichukue?"

"Wacha!" nikasema.

Nilisema kwa ile sauti ambayo mtoto akiisikia anaweka kisu chini. Hakuna Mzanzibari duniani ambaye angeisikia vingine. Nikamsikia juu anasema, "Khalas, sir. Inshallah. Khalas." Nikajua yamekwisha. Nilifurahi hata nikamwonea huruma, maskini, ndoto yake imemfia mikononi. Nikamtengenezea chai, nikamzidishia sukari, nikampelekea usukanini. Akaipokea, akanishukuru, akatazama baharini.

Siku ya tatu baada ya kurudi nyumbani, tunakunywa chai, pakagongwa mlango. Alikuwa ni mtu wa ile ofisi na kipimio mkononi. Alisalimia, akaomba radhi, akaingia moja kwa moja chumba cha mama mkwe akaanza kupima dirisha, kwa sababu wapangaji wapya wanataka kuagiza mapazia. Mama mkwe alikuwa juu ya mbuzi yake. Mtu yule alimruka mguu.

"Wapangaji gani?" nikauliza.

Mume wangu alikuwa anapaka mkate siagi. "Si nilikuuliza?" akasema. "Ukasema wacha. Nikaiachia. Sheria ya chombo."

Nikamwambia piga simu, sema tumekosea. Akasema wenzetu wameshatia saini, ni watu na watoto wao, haiwezekani tena. Alisema kwa upole, na huo upole ndio ulionitia hasira. Mtu huyu amezaliwa Unguja. Amekatazwa kwa wacha, amepigwa kwa wacha, na wacha zote anazijua kuliko mimi. Siku zote kumi nilimwona hajui chochote, si upepo, si kamba, si kibla, nikajichekea. Kiswahili nilisahau kwamba anakijua.

"Na wewe uliona pomboo ukafurahi," akaongeza. "Nilikuona."

Mama mkwe alikuwa amekuja, amesimama mlangoni na kifuu mkononi. Alimtazama mwanawe. "Nani kasema nyumba iachwe?"

"Yeye, mama. Muulize kama hakusema."

Akanigeukia mimi. Nilimwona anangojea niseme si kweli, na alikuwa tayari kuniamini. "Umesema?"

"Nimesema, mama, lakini nilikuwa na maana—"

"Wacha," akasema.

Hakuivuta wala hakuikata. Sauti ile sikuwahi kuisikia kwake, na nilikuwa sijui ananitaka nini.

Aliondoka Jumamosi. Mwanawe mdogo alikuja na gari kutoka Sharjah, wakateremsha masanduku mawili na mkeka. Mimi nilijaribu tena kueleza kwenye lifti, habari ya sauti, habari ya sheria, habari ya karatasi juu ya jiko. Kila nilivyoeleza, ilizidi kuonekana hadithi ya mtu anayetafuta njia. Alinisikiliza mpaka chini. Alikuwa ameishika mbuzi yake mwenyewe, hakutaka mtu ambebee, na tulipofika kwenye gari akanikabidhi mikononi.

"Chukua wewe, mke wa mwanangu," akasema. "Huko ninakokwenda hapana pa kuikalia."