Bosi Alipochagua Safari

Juzi nilimwona mbwa amelala juu ya mizigo bandarini, nikamkumbuka Bosi, mbwa ambaye mzungu mmoja wa wale askari wa kukodiwa waliokuwa nchini kwetu alimwacha mtaani kwetu Badjanani, Moroni. Tulimlisha nje ya mlango.

Alasiri moja, kahawa ikinukia, baba alitaka wakati wa likizo twende kwa dada yake, kijijini Patsy, mlimani. Mama alitaka kwao, Mutsamudu.

"Basi achague mbwa," mama akasema.

Baba akamwita. Bosi akampita, akaenda kunusa shiromani, nguo ya wanawake wa kwao, aliyojitanda mama. Nilidhani ameisikia harufu ya Mutsamudu ndani ya nguo ile.

Mama, ambaye kila kilichoguswa na pua ya Bosi alikiosha kwa udongo kuondoa najisi, siku ile hakusogea. Leo najua alificha samaki mkavu kwenye pindo.

"Mbwa keshaamua," baba akasema, akimeza kahawa yake. Alikuwa ameketi karibu na mama, na pua alikuwa nayo.